Kahawia, Nyeusi, Kahawia

Jumatano, Machi 12

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote. Bibi akiwa bafuni, huwa naichukua mashine yake ya kusemea, naigandamiza shingoni mwangu, chini ya kidevu, nabonyeza kitufe na kutamka maneno bila kutoa sauti, kama afanyavyo yeye. Mashine inanisemea. Inanguruma kama nyuki waliofungiwa kwenye debe, lakini kila neno linasikika. Jana nilisema, "Mwalimu, hapo umekosea." Darasani siwezi kusema hivyo hata kwa kutishwa. Kisha niliirudisha juu ya mto wake kwa kunyata, kama mwizi.

Bibi alifanyiwa upasuaji wa koo mwaka juzi na sauti ikabaki hospitali. Ndivyo anavyosema mwenyewe. Zamani alikuwa mwongeaji sana, na bado ni mwongeaji sana. Mimi nina koo zima na sisemi. Yeye hana na hanyamazi. Tunalala chumba kimoja.

Leo radi ilipiga, umeme ukakatika, kisha ukarudi kwa nguvu zote. Taa ya sebuleni ilipasuka. Chaja ya mashine ya Bibi ilitoa moshi mwembamba, ikafa. Betri zake ziko mbili. Moja imo ndani ya mashine, na nyingine ni tupu, ilikuwa ndiyo kwanza inasubiri zamu ya kuchajiwa.

Alhamisi, Machi 13

Mvua kutwa. Mama amepiga simu kliniki. Chaja inaagizwa kutoka mbali. "Subirini," wamesema, bila kusema mpaka lini. Bibi ameanza kubania maneno ili betri isiishe. Asubuhi nilimpelekea chai, akasema, "Baridi. Tena." Hiyo ndiyo hotuba yake yote ya leo.

Jumamosi, Machi 15

Mjomba amekuja. Ni kaka yake Mama, mtoto wa kwanza wa Bibi, na ana kibanda kando ya barabara anakochaji betri za magari na pikipiki. Watu humwita Injinia. Hajasomea, na hilo si kosa. Kosa ni kwamba siku hizi anaitika.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, Profesa. Lete hiyo betri tupu nikaichape moto kidogo, Mama aendelee kutugombeza."

"Haiwezi kuunganishwa moja kwa moja," nilisema.

"Sema na mimi, usiseme na meza."

Nikajilazimisha kumtazama, nikamweleza. Nilikuwa nimeshapiga hesabu tangu jana. Betri ya Bibi ni ya volti sita, na ubavuni imeandikwa kwamba inaweza kutoa miliampea mia sita kwa saa moja. Kitabu kinasema betri ya namna hii ukitaka kuichaji kwa usalama uipe sehemu ya kumi tu ya hizo, yaani miliampea sitini, uiache polepole mchana kutwa. Betri za Mjomba ni za volti kumi na mbili. Kumi na mbili toa sita, zinabaki volti sita ambazo lazima zimezwe na kitu, na kitu hicho ni rezista, kile kijidude cha kubana umeme. Sita gawa kwa sifuri nukta sifuri sita, yaani zile miliampea sitini zikiandikwa kwa ampea, ni mia. Rezista ya ohm mia moja, tena nene, ya wati moja, kwa sababu itapata joto.

"Mimi nina kopo zima la rezista nilizong'oa kwenye redio mbovu," alisema Mjomba. "Ila usiniambie ohm. Hazijaandikwa. Niambie rangi."

Hilo nalo nalijua. Rezista ina mistari, na kila rangi ni tarakimu. Kahawia ni moja, nyeusi ni sifuri, na mstari wa tatu unasema uongeze sifuri ngapi.

"Kahawia, nyeusi, kahawia," nilisema. "Pembeni kuna dhahabu."

"Kahawia, nyeusi, kahawia." Alirudia kama mtoto anayetumwa dukani. Nilitaka kufuatana naye, lakini Jumatatu nina mtihani wa majaribio. Akaitia betri mfukoni, pamoja na funguo zake. Pamoja na funguo! Vipande vya chuma, na betri! Nimeishia kuyaandika hapa.

Jumatatu, Machi 17

Nimekasirika mpaka mwandiko umeharibika.

Nilirudi shuleni nikamkuta Mjomba sebuleni, mikono kiunoni, na Mama amesimama mbele yake kama hakimu. Mezani palikuwa na betri ya Bibi. Ilikuwa imevimba kama shavu lenye jino bovu, na maji meupe yametoka pembeni.

"Huyo hapo," alisema Mjomba. "Rezista yako imeniunguzia meza! Imewaka kama kibiriti. Nilikuwa nje na mteja, narudi, kibanda kizima moshi."

"Rezista ya ohm mia haiwezi kuungua kwa volti sita."

"Basi mimi nimeota."

"Uliweka kahawia, nyeusi, kahawia?"

"Niliweka ulichoniambia, neno kwa neno. Mpwa wangu, miaka yote nachaji betri kwa macho na pua, haijawahi kulipuka hata moja. Siku moja tu nimefuata kitabu!"

Mama alinishika bega. "Mwanangu, mambo ya umeme mwachie mjomba wako."

Mwachie! Aliyeiharibu ndiye niachiwe mimi nimwachie! Hata sentensi imenikatalia. Nimeirudia hesabu yangu mpaka penseli imekuwa kipisi, na kila mara jibu ni mia. Kama jibu ni mia na rezista ni ya mia, meza haiungui. Mtu amedanganya, na si mimi, na si kitabu.

Bibi aliichukua ile betri iliyovimba, akaigeuzageuza karibu na macho yake mabovu, akaiweka chini. Bado anabania maneno.

Jumanne, Machi 18

Betri ya pili, iliyokuwa ndani ya mashine, imekwisha leo jioni. Bibi alikuwa katikati ya sentensi. Alisema, "Nani amechukua kijiko changu cha—" na nyuki wakanyamaza. Alibonyeza, akabonyeza. Midomo iliendelea peke yake.

Hatujui kijiko cha nini.

Alhamisi, Machi 20

Nilimsubiri mwalimu wa fizikia mlangoni mwa ofisi ya walimu mpaka wenzangu wote wakaondoka. Nikamuuliza ni kitu gani kinaweza kuifanya rezista ya ohm mia iungue. Aliitazama karatasi yangu akasema, "Hesabu nzuri. Lakini kuchaji betri hakumo kwenye mtihani." Akarudi ndani.

Hakumo kwenye mtihani. Bibi yangu hayumo kwenye mtihani. Nilitembea na mvua mpaka nyumbani, mwavuli mkononi, nimesahau kuufungua.

Jumamosi, Machi 22

Tangu Bibi anyamaze, kila mtu amekuwa mdomo wake. Mama anamwambia jirani, "Anasema amechoka kidogo." Hajasema! Jirani anajibu, "Ndiyo, naona anasema anataka kupumzika." Unaona wapi? Bibi hawezi kuandika, macho yake yana ukungu, na akijaribu kuashiria watu wanakisia jambo la kwanza linalowafaa wao, kisha wanampigapiga begani kama paka.

Leo ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote. Paa la chumba chetu linavuja, tumeweka beseni. Mjomba alikuja akalitazama beseni, akapiga magoti mbele ya kiti cha Bibi.

"Mama, paa hili linavuja, au sivyo?"

Bibi akaitikia kwa kichwa, ndiyo.

"Na unyevu si mzuri kwa kifua chako."

Ndiyo.

"Basi mmemsikia," Mjomba akatugeukia. "Amekubali kuhamia kwangu. Jumapili ya wiki ijayo naleta gari."

Alimuuliza habari za paa, akachukua jibu akalibandika kwenye swali ambalo hakuuliza! Nilitazama uso wa Mama. Mama alikuwa anatazama beseni.

Baadaye nilimpelekea Bibi chai kitandani. Nikachuchumaa nikamwambia, "Bibi, usiogope, sitakubali wakuhamishe." Alinitazama, akakunja uso, midomo ikasema polepole, nikaisoma vizuri kabisa: sitaki.

Sitaki! Mimi ndiye shahidi. Lakini nani atamsikiliza shahidi anayesema na meza? Lazima aseme mwenyewe kabla ya gari kufika.

Jumatatu, Machi 24

Beseni limejaa. Tone limeangukia kitabu cha kemia, kwenye sura ya chumvi.

Ijumaa, Machi 28

Nitaandika kwa mpangilio.

Asubuhi nilimwambia Mama nataka kuichaji betri iliyobaki. Alikataa. "Ni moja tu. Ikiharibika hiyo, Bibi yako atakaa bubu mpaka kliniki watukumbuke." Bibi alikuwa pale, tunazungumza juu ya kichwa chake. Aliifungua mashine, akaitoa betri, akaiweka kwenye kiganja changu, akavikunja vidole vyangu juu yake kimoja kimoja. Mama akanipisha mlangoni.

Kabla ya kutoka nilichukua betri ndogo ya saa ya ukutani, kwa sababu najua mita ya Mjomba ya kupimia haifanyi kazi. Haina betri. Mtu anachaji betri za mji mzima na mita yake haina betri!

Baada ya shule nilikwenda kibandani. Wanaume wanne walikuwa kwenye benchi wakisubiri betri zao na kusengenya mvua. Kwa kawaida ningepita kama nilikuwa naenda kwingine. Leo hasira ilinisukuma ndani.

"Nataka kuona rezista iliyoungua," nilisema.

"Salamu kwanza, Profesa."

"Shikamoo. Nataka kuiona."

Ilikuwa bado mezani, imekwama kwenye doa jeusi la mbao. Mistari yote ilikuwa imeungua.

"Ilikuwaje kabla?"

"Kama ulivyosema. Yote mitatu giza, na dhahabu pembeni."

"Yote mitatu? Nilisema kahawia, nyeusi, kahawia. Mmoja tu ndio mweusi."

"Na kahawia ni rangi gani?" aliuliza Mjomba, mikono imefunguka, mnyonge kabisa, bila utani. "Si ya kahawa? Na kahawa ni nyeusi! Nikajiuliza, mbona huyu mtoto anasema nyeusi mara tatu kwa mbwembwe? Nikatafuta yenye mistari mitatu ya giza. Ya kwanza ilikuwa imefifia kidogo, nikasema ndiyo hiyo."

Mmoja wa wale wa kwenye benchi alisema, "Kweli, kahawa ni nyeusi." Mwenzake akasema, "Ukitia maziwa je?" "Nani ametaja maziwa?" Wakaanza kubishana.

Mimi nilikaa juu ya betri ya lori. Mstari wa kwanza kufifia, yaani kahawia kweli. Kisha nyeusi, kisha nyeusi. Moja, sifuri, na hakuna sifuri ya kuongeza. Ohm kumi! Badala ya miliampea sitini, betri ya Bibi ilipewa mia sita, mara kumi ya inachoweza kuvumilia, na rezista yenyewe ikageuzwa pasi ya umeme. Hakuna aliyedanganya. Nilikuwa nimemchukia mtu kwa siku zote hizi kwa sababu ya neno.

Basi hasira ikahamia kwenye neno. Nani aliketi akaamua kwamba kahawa ni rangi ya mlango wa mbao? Kahawa ipi? Mbichi ni ya kijani, mbivu ni nyekundu, kikombeni ni nyeusi. Na "rangi ya chungwa" ndiyo nini, wakati machungwa yote ninayoyajua ni ya kijani? Kitabu kinampa mtu maneno haya kana kwamba yanatosha, kisha meza inaungua na watu wanagombana. Na mimi niliyameza maneno hayo, nikayatapika mbele ya Mjomba, bila hata kumwonyesha kwa kidole.

"Mjomba, hii utaiitaje?" Nilimwonyesha tope kwenye kiatu changu.

"Udongo."

"Basi tunatafuta udongo, giza, udongo."

Tulimwaga kopo lote juu ya gunia, nje, penye mwanga. Yeye ndiye aliyeiona kwanza, nene, imejaa vumbi. Niliitia mita ile betri ya saa, nikapima. Sindano ikasimama karibu sana na mia. Mjomba alitazama sindano, akanitazama, akasema taratibu, "Kumbe hii mita ni nzima."

Amenipa betri ya gari. Ameisukuma mwenyewe kwa toroli mpaka nyumbani, imefunikwa na koti lake, yeye akilowa.

Jumamosi, Machi 29

Tumeunganisha alfajiri. Chanya kwa chanya, rezista katikati. Rezista ina joto la kikombe cha chai, betri haina joto la kutisha. Kila nikimaliza ukurasa naigusa kwa shavu. Mama amepita akauliza mbona saa imesimama. Bibi amekaa kando yangu kutwa, mkono mmoja kwenye ukingo wa meza, kama mtu anayesubiri chungu kichemke. Baada ya chakula cha jioni nimeichomoa. Sijairuhusu ijaribiwe. Kesho, wote wakiwepo.

Jumapili, Machi 30

Gari lilikuja asubuhi, na mvua nayo ikaacha kunyesha, kana kwamba na yenyewe imekuja kusikiliza. Mjomba alisimama mlangoni. Mama alikuwa ameshafunga nguo za Bibi kwenye begi. Begi lilikuwa limeshafungwa! Niliitia betri kwenye mashine, nikampa Bibi. Akaigandamiza shingoni. Nyuki wakaamka.

"Kijiko changu cha mbao," alisema Bibi. "Nani amekichukua?"

Mama alicheka na kulia kwa pamoja. Mjomba akasema, "Mama, gari liko nje, tuwahi kabla mvua—"

"Bibi hataki kuhama!" nilisema. Kwa sauti yangu. Ilitoka kubwa, mpaka mimi mwenyewe nikashtuka. "Aliniambia mwenyewe. Alisema sitaki. Mlimuuliza habari za paa mkajibu habari za kuhama, nyote mnamsemea, hamumuulizi!"

Bibi alinigeukia. "Nilisema sitaki lini?"

"Siku ile. Nilipokuletea chai."

"Nilikuwa sitaki chai. Ilikuwa baridi."

Sijui niliangalia wapi.

"Na wewe, Injinia," aliendelea, "nilikubali kwamba paa linavuja. Linavuja. Hata mjusi anajua. Sasa niulizeni."

Mama aliuliza, kwa sauti ndogo kama yangu ya kila siku, "Mama, unataka kukaa wapi?"

"Kibandani. Kulala nitalala kwake, lakini mchana mniweke kibandani. Hapa wewe uko kazini, huyu yuko shuleni, na akirudi yuko kitabuni. Mimi naongea na ukuta. Kule watu wanakuja na betri zimekufa, wanasubiri, hawana pa kukimbilia. Watanisikiliza wapende wasipende."

Mjomba akatazama begi, kisha mashine. Nadhani ndipo alipoelewa ni nini hasa alichokuwa amekiomba.

Nimekasirika. Nimeibeba betri ile kama yai, nimepigana na mji mzima ili Bibi apate kusema kwamba anabaki nami, na amesema anakwenda. Na ubaya zaidi ni kwamba na mimi nilikuwa mmoja wao. Nilisoma midomo yake nikasikia moyo wangu.

Akiwa tayari ndani ya gari aliniita dirishani. "Hiyo mashine, nikitoka bafuni huwa naikuta ina joto."

Nilitamani ardhi ipasuke.

"Ukuta wa bafuni ni mwembamba. Huyo mwalimu wako mwambie mwenyewe. Mimi simjui."

Jumamosi, Aprili 5

Mvua zimepungua. Chumba ni kikubwa na kimya, na beseni limebaki la kwangu peke yangu.

Leo asubuhi niliikaza rezista ndani ya kisanduku cha bati, nikatoboa matundu ya kupitisha hewa, na juu ya kifuniko nikapaka mistari mitatu, udongo, giza, udongo, kwa rangi iliyobaki ya mlango na wino. Nikakipeleka kibandani. Mjomba alikifunga ukutani, akanirudishia betri ya saa kabla sijaidai. Bibi alikuwa kwenye kiti chake penye kivuli, mashine shingoni, akimsimulia dereva mmoja wa pikipiki habari za lile doa mezani.

"Mjukuu wangu ndiye aliyeiunguza meza," alikuwa anasema. "Huyo anayekuja. Na vitabu vyake."

"Si mimi," nilisema. "Ilikuwa rezista ya ohm kumi."

Dereva aliniangalia kutoka juu mpaka chini. "Ohm ndiyo nini?"

Niliweka mkoba chini, nikasogeza debe tupu, nikakaa kati yake na Bibi, nikamweleza kuanzia mwanzo.